Katapila Halijarudi

Harlow, Florida
Jumapili, 15 Oktoba 1995

Mdogo wangu Novella,

Simu yako bado haiiti, kwa hiyo nakuandikia. Kimbunga kimenichukulia baraza ya nyuma na banda zima la kuku, na kuku wenyewe sijui wako jimbo gani saa hizi. Mimi mzima.

Rodrick amenifaa sana. Mwanao ana mikono, Novella. Tangu upepo utulie anaondoa miti kwenye njia za watu na katapila dogo tulilokodi. Naandika "tulilokodi" lakini sahihi ni yangu. Yeye hana kadi ya benki wala anwani inayoeleweka, na binti wa kaunta alikuwa anamtazama kama mtu aliyekuja kung'oa mlango. Aliponiona mimi nyuma yake akapiga kelele, "Bi. Bivens! Si wewe uliyekuwa unatupikia shuleni?" Basi, nikatia sahihi, tukapewa na trela lake.

Sasa anakuja nalo kwako akuondolee huo mti wa pekani uliolala juu ya jiko lako. Watu wa mashine nimewaambia linavuka kwenda Alabama, wakaandika, wakaniongezea muda. Lakini nisikilize, maana nakujua: linatakiwa kuwa uwanjani kwao Ijumaa ya tarehe 27, kabla hawajafunga. Ijumaa. Ukianza kumwambia "mwanangu kaa kidogo nikupikie", mimi ndiye nitakayesumbuliwa.

Na huyo Shemasi Hollis unayemtaja kila ukiandika, ana uso, au ni sauti tu ya kuimbia? Nitumie picha.

Dada yako,
Ernestine


Cotter's Mill, Alabama
30 Oktoba 1995

Dada yangu kipenzi, dada yangu wa pekee,

Bwana asifiwe, mti umetoka! Rodrick aliushambulia kama mtu anayelipiza kisasi. Jiko langu sasa linaona jua, na hata paa lililobaki linaonekana lina adabu. Majirani walikuja kutazama, na Shemasi Hollis akasema hajaona kijana anayeendesha mashine namna ile. (Uso anao, tena mzuri. Picha itakuja.)

Usihangaike kuhusu katapila. Rodrick alilifunga kwenye trela Ijumaa alfajiri akaondoka nalo, nimemwona kwa macho yangu anakata kona. Atakuwa amelirudisha mapema. Alisema akitoka hapo anaunganisha moja kwa moja kwenda kutafuta kazi za kimbunga huko pwani, kwa hiyo asipopita kwako usinune. Unawajua vijana.

Magoti yananiuma tangu baridi ianze. Niombee.

Mdogo wako akupendaye,
Novella


Harlow, Florida
14 Novemba 1995

Novella,

Leo nimeletewa barua ya rejista, nimeitilia sahihi mlangoni nikiwa na unga mikononi. Watu wa mashine wanasema katapila halijarudi. Wananipa siku tano nilirudishe, la sivyo wanapeleka jambo kwa sherifu.

Nimewapigia. Yule binti wa kaunta, ambaye mwezi uliopita alinishangilia, ameniambia, "Bi. Bivens, hapa halipo." Nikamwambia angalia tena, uwanja wenu ni mkubwa na mambo yote yamevurugika tangu kimbunga. Akasema, "Mama, ni katapila. Si sindano."

Rodrick simpati popote. Mtafute wewe, umwulize alilishusha wapi, saa ngapi, na nani alilipokea. Nijibu kwa barua ya haraka. Nakaa hapa mlangoni kama msichana anayengoja posa.

Ernestine


Cotter's Mill
16 Novemba 1995

Dada yangu,

Tulia kabisa. Nimempata Rodrick kwa simu ya dukani kwa Bw. Tate. Anasema alifika wamekwisha kufunga, akaliingiza ndani ya uzio wao pamoja na mashine nyingine, akaning'iniza funguo mlangoni. Liko pale pale. Wenyewe ndio hawajui kilicho chao.

Nakuomba usiende kugombana nao kaunta. Ukienda mbiombio utaonekana una hatia. Wakishahesabu mali yao watakuomba msamaha, na wewe utakuwa umekaa na heshima yako.

Nimekuombea leo asubuhi kanisani, kwa jina.

Novella


Harlow, Florida
9 Desemba 1995

Novella,

Nilikaa na heshima yangu kama ulivyoniambia. Niliwapigia watu wa mashine nikawaeleza kwamba liko ndani ya uzio wao, nikakata simu nikarudi kwenye sufuria zangu.

Jumanne walinifuata jikoni shuleni. Nilikuwa natoa mikate ya mahindi na watoto wa darasa la pili walikwisha kupanga foleni na sinia zao. Aliyetumwa ni Dewey, yule mwenye masikio, niliyemlisha tangu akiwa na meno ya utoto. Akavua kofia. Akasema, "Mama Bivens, tafadhali tutoke nje." Nikamwambia, "Kama umekuja kula, panga foleni." Akasema polepole, "Mama, usinifanye nirudie mbele ya watoto."

Nikamwomba nizime jiko kwanza. Akaningoja. Kisha akanitia pingu kwa mbele, si kwa nyuma, nadhani hiyo ndiyo huruma aliyokuwa nayo. Nimepita katikati ya watoto na wavu wa nywele kichwani. Mmoja akaniuliza, "Unaenda wapi, Bi. Bivens?" Nikasema nakwenda dukani.

Kanisa limeniwekea dhamana. Shule imeniambia nisije mpaka kesi iishe.

Nimepewa wakili wa serikali, wa watu wasio na uwezo, anaitwa Whitlock. Ni kijana, tai yake ni kubwa kuliko yeye, lakini amenieleza vizuri. Kumbe sheria ya hapa iko hivi: ukikodi kifaa, ukaandikiwa barua ya rejista, siku tano zikapita hujakirudisha, wanaruhusiwa kuhesabu kwamba siku ile ile unatia sahihi ulikuwa umekwisha kusudia kudanganya. Hawaiti kuchelewa. Hawaiti deni. Wanaita udanganyifu, na ni jinai, ya kufungwa. Nikamwuliza, "Mwanangu, mtu anaweza kukusudia jambo asilolijua?" Akakuna shingo.

Kwenye uzio wao halipo, Novella. Wametembea uwanja mzima na askari. Rodrick yuko wapi?

Ernestine


Cotter's Mill
16 Desemba 1995

Dada yangu, dada yangu,

Nimelia mpaka Shemasi Hollis akaitwa kuja kuniombea. Pingu! Wewe! Mbele ya watoto!

Sijui nikuambie nini. Rodrick amepotea. Namba aliyokuwa akinipigia haijibu tena, na pale alipokuwa akifanya kazi wanasema ameondoka. Moyo wangu wa mama unakataa, lakini huenda ameliuza, dada. Huenda alinidanganya na mimi. Damu ya baba yake unaikumbuka ilivyokuwa.

Msamehe ukiweza. Wewe ndiwe uliyemlea zaidi kuliko mimi, najua hilo, sihitaji kukumbushwa. Huenda sote wawili tuliharibu mahali fulani.

Krismasi hii sitaweza kuja, magoti.

Novella


Harlow, Florida
20 Januari 1996

Novella,

Nimekaa na barua yako mwezi mzima nikiogopa nitakachoandika.

Nimetoa picha zake ukutani. Ile ya meno yaliyong'oka, ile ya joho la shule, zote. Uliponiachia mtoto yule ukaenda Chicago alikuwa anakojoa kitandani na hataki kuguswa. Nilimlaza kati yangu na shemeji yako Amos mpaka alipozoea. Nilimfundisha kufunga tai, na kumwangalia mtu usoni anapotoa neno lake. Sasa kila nikifunga macho namwona kwenye kaunta ile ananikabidhi kalamu, na najiuliza kama alikuwa anacheka moyoni. Nimemtamkia maneno nikiwa peke yangu jikoni ambayo sijawahi kumtamkia binadamu. Nimemwomba Mungu asimfikishe mbali.

Basi. Sasa nisikilize, kwa sababu hili linakuhusu wewe.

Whitlock anasema kesi yote imesimama kwenye kusudio. Ile hesabu ya siku tano inaweza kuvunjwa iwapo atapatikana mtu wa kusema mbele ya jaji kwamba niliamini katapila limerudi, na kwamba nilikuwa na sababu ya kuamini. Barua zako ninazo, lakini mwendesha mashtaka atasema karatasi haiulizwi maswali. Anataka mtu mwenyewe, mkono juu ya Biblia. Mtu huyo ni wewe. Ndiwe uliyemwona akikata kona, na ndiwe uliyeongea naye kwa simu.

Sikuombi umseme vibaya mwanao. Sema tu ulichoniambia mimi. Ni Jumanne, tarehe 13 Februari. Kanisa litakutumia tiketi ya basi. Nitakutandikia chumba cha mbele, kile chenye jua, kwa ajili ya magoti yako.

Sijakuomba kitu tangu mama afe. Njoo.

Dada yako,
Ernestine


Cotter's Mill
3 Februari 1996

Dada yangu kipenzi,

Nimeomba sana juu ya jambo hili kabla ya kushika kalamu.

Daktari amenikataza safari ndefu. Na hata bila magoti, dada, utanielewa: wataniapisha, halafu yule mwendesha mashtaka ataanza kuniuliza hili na lile, na kila nitakalosema litakuwa msumari kwa Rodrick. Ni mwanangu wa pekee. Wewe hukuzaa, kwa hiyo sikulaumu usipoona ninavyoona mimi.

Shemasi Hollis ana binamu aliyekuwa na kesi kama hii. Anasema mtu mwenye sifa nzuri akikubali tu yaishe, jaji humwonea huruma na kumpa kifungo cha nje, anakaa nyumbani kwake kama kawaida. Fikiria hilo. Jaji yeyote akikuangalia ataona wewe ni mtu wa namna gani.

Tiketi nimeirudisha kanisani kwenu.

Nakupenda,
Novella


Ndani ya boti, karibu na Paducah, Kentucky
10 Februari 1996

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na heri ya siku ya kuzaliwa! Najua ni tarehe 14, lakini posta ya mtoni inatembea kama Baba Mkubwa Amos akienda kanisani, kwa hiyo naianza mapema.

Nisamehe kwa kunyamaza. Kazi hii imenimeza. Nadhani mama alikueleza: ile Alhamisi, mti umeshatoka, nikapigiwa simu dukani kwa Bw. Tate kwamba kuna nafasi kwenye boti la kusukuma matishari, lakini niwe Memphis kesho yake asubuhi au wanampa mwingine. Nikarukia basi na nguo nilizovaa. Tunabeba mahindi na makaa ya mawe, tunashuka nchi kavu mara chache, na nahodha wetu anapika vibaya mpaka nimelia nikikumbuka sukuma wiki yako na mkate. Silii ovyo, unanijua.

Nataka kujua: baraza umeijenga? Na wale watu wa katapila walikuwa wastaarabu? Nililiosha kabla ya kuondoka, nikalipandisha kwenye trela, nikafunga minyororo, nikampa Hollis funguo za gari langu alivute mpaka Harlow kesho yake. Aliniapia kabisa. "Ijumaa kabla ya saa sita, kijana, neno langu." Mama aliniandikia kwamba lilifika salama na kwamba wewe umeshughulika na nyumba, nisikusumbue. Sasa nimeshindwa, nakusumbua.

Tukipata likizo mwisho wa mwezi nakuja. Andaa mkate.

Mwanao mtukutu,
Rodrick


Harlow, Florida
17 Februari 1996

Rodrick mwanangu,

Barua yako imefika Alhamisi. Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa sakafuni, halafu nikaisoma tena.

Jumanne iliyopita nilikiri mahakamani. Sikusema "nilidanganya", Whitlock alinitafutia maneno mengine, ya mtu asiyepinga, lakini kwenye faili ni kitu kile kile. Hukumu itasomwa Aprili. Shule imekwisha kuniandikia kwamba mtu mwenye jinai ya udanganyifu hawezi kushika chakula cha watoto.

Kosa ni kwamba nilikodi katapila nisilirudishe. Halikufika, Rodrick. Halijawahi kufika. Nimeambiwa kwamba uliliuza.

Usiandike kwa mama yako. Usimpigie. Nenda tu nyumbani kwake, utazame kwa macho yako, kisha uniandikie ulichokiona, hata kama ni kibaya. Usinifiche ili kunionea huruma. Huruma ya namna hiyo nimeshiba.

Nakuomba radhi kwa jambo ambalo sitakuambia ni lipi.

Mama Mkubwa


Cotter's Mill, Alabama
2 Machi 1996

Mama Mkubwa,

Naandika nimekaa ndani ya gari langu, ambalo nimelikuta nyuma ya nyumba ya Hollis limefunikwa turubai.

Nilifika kwa mama jana mchana. Alikuwa anaanika nguo. Akaniona, akaangusha shuka matopeni. Hakusema "mwanangu". Alisema, "Nani amekuambia uje?"

Sikumjibu, nikazunguka nyuma. Unakumbuka lile bonde kule chini, kwenye mierebi, ambapo maji yalikuwa yanatuama? Sasa ni bwawa. Limechimbwa vizuri upande mmoja, na upande wa pili ukingo umeporomoka wote. Katikati ya maji kuna paa la rangi ya njano, ndege wamelichafua. Ni hilo, Mama Mkubwa. Limezama mpaka kichwani. Trela liko kwenye vichaka, na minyororo yangu.

Mama alinifuata mpaka kule chini, magoti hayana shida yoyote. Nikamwambia, "Hilo nini?"

"Hollis alitaka kunifugia kambare."

"Nimekuuliza hilo nini, mama."

"Ni ajali. Alisema tuchimbe saa moja tu kabla hajalivuta. Udongo ulikuwa umelowa."

"Mama Mkubwa ametiwa pingu."

"Unadhani sijui? Unadhani nalala?"

"Umemwambia nimeliuza!"

Akageuka kutazama mierebi. Nikamwambia, "Sema. Umemwambia mimi ni mwizi?" Akashika mkono wangu, akasema, "Nilijua wewe atakusamehe." Nikautoa mkono wake. Sijawahi kufanya hivyo, hata aliporudi kutoka Chicago na miwani yake ya jua na kuniuliza kama namkumbuka.

Hollis hayupo. Ameacha ushemasi, amehamia kwa dada yake mjini Mobile tangu Krismasi. Siku lilipozama alimwambia mama atakuja na winchi Jumatatu. Mama bado anasema "Jumatatu" kana kwamba ni wiki ijayo.

Nimekwenda kwa sherifu wa huku mwenyewe. Wamekuja, wamepiga picha, na watu wa mashine wamepigiwa simu. Mmoja wa maaskari alisimama ukingoni akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

Wakili wako ananitaka na mimi nitakuja. Kazi ya boti watampa mwingine. Sijali.

Lile uliloniomba radhi, nadhani nalijua. Ningelitamka mimi pia.

Rodrick


Cotter's Mill
5 Machi 1996

Ernestine,

Sina jina zuri la kukuita leo, kwa hiyo nakuita jina lako.

Nitakuambia ilivyokuwa. Ijumaa ile asubuhi Hollis alikuja kulivuta. Ilikuwa ni siku ya jua, tulikuwa tunacheka. Akasema ni dhambi mashine kama ile irudi bila kutufanyia kitu na sisi. Akapanda juu kama mtoto kwenye farasi wa maonyesho. Nilikuwa nimempikia. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu. Dada, nina miaka hamsini na sita na nilikuwa nimesimama pale chini ya mierebi nampungia mtu mkono.

Ukingo ukaondoka. Yeye akaruka. Katapila likaingia taratibu, linanguruma, linanguruma, mpaka maji yakaingia mahali fulani likanyamaza. Tulitazamana. Akasema, "Usimwambie mtu mpaka Jumatatu."

Nilipokuandikia mara ya kwanza nilidhani nakudanganya siku moja mbili tu. Nilidhani litatoka, litaoshwa, litarudi, wewe hutajua. Ulipoandika kuhusu barua ya rejista nilikuwa nimekwisha kusema nimemwona akikata kona. Ningerudi vipi? Kila barua yako ilikuwa inanikuta mbali zaidi.

Uliponiomba nije niliitazama ile tiketi siku nzima. Nilifunga sanduku. Halafu nikafikiri, nikishika Biblia nikarudia yale niliyokuandikia nitakuwa nimeapa uongo. Na nisiporudia, kila mtu atajua, na Hollis hatarudi. Nilifikiri hilo la Hollis. Nakuambia ili usije kulisikia kwa mtu mwingine.

Nilimtwika Rodrick kwa sababu wewe unamsamehe kila kitu. Mimi hukuwahi kunisamehe Chicago. Hukusema neno, ulinipikia, ulinitandikia, lakini nilikuwa naona jinsi unavyonipa sahani. Nilijua nikija kwako na hili sitapata mtu wa kunipokea.

Wakili wako amenipigia simu kwa Bw. Tate. Nimemwambia nitakuja na nitasema yote, mimi mwenyewe, hata wakinitia mimi ndani. Je, naweza kufikia kwako? Hata kwenye kochi. Niko tayari kukaa jikoni usinione.

Novella


Harlow, Florida
20 Machi 1996

Novella,

Nimesoma barua yako mara moja. Inatosha.

Whitlock ameomba jaji aniruhusu kuondoa lile neno langu la Februari. Mwendesha mashtaka ameziona picha za bwawa. Anasema ukiapa na kusimulia ulivyoniandikia, hatapinga, na mashtaka yangu atayafuta. Kuhusu wewe hakuahidi chochote, na Whitlock ameniomba nikuambie hivyo wazi kabla hujapanda basi, na kwamba ukitaka unaweza kupewa wakili wako kwanza. Sasa umeambiwa. Usije kusema hukujua.

Kazi yangu imekwisha kuchukuliwa. Ni mwanamke kutoka Marianna, wanasema mchuzi wake ni mwepesi. Mwalimu mkuu amekuja kunishika mkono na kusema atanikumbuka nafasi ikitokea. Haitatokea.

Umesema ulijua nitamsamehe Rodrick. Sikumsamehe. Nilimlaani, Novella. Kwa sauti, kila siku, miezi ile yote, mtoto akiwa huko mtoni anahesabu siku za kuja kula mkate wangu. Alipofika hapa mlangoni na begi lake nilishindwa kumtazama usoni, mimi niliyemfundisha kumtazama mtu usoni. Yeye ndiye aliyenishika. Picha amezirudisha ukutani mwenyewe, hakuniuliza kwa nini zilikuwa kabatini. Pingu nitazisahau. Kazi nitapata, hata ya kufua. Lakini ulinichukulia mtoto wangu, ukanikabidhi mwizi mahali pake, nikamchukia kwa moyo wangu wote. Hicho hakuna jaji wa kunirudishia.

Na kuhusu Chicago: nilikusamehe mwaka ule ule. Nilikuwa nakupa sahani namna ile kwa sababu ulikuwa umekonda na nilikuwa naogopa kulia.

Kwangu usifikie. Si kwenye kochi wala jikoni.

Ni Jumanne, tarehe 2 Aprili, saa tatu asubuhi. Basi linalotoka kwenu Jumatatu linafika hapa saa kumi jioni. Ukishuka, vuka barabara, utaona nyumba ya wageni ya Bi. Culpepper, ya matofali. Nimekwisha kumwambia, chumba kipo chini, hutapanda ngazi. Asubuhi usipitie mbele ya mahakama, pale ngazi ni nyingi. Zunguka upande wa posta, kuna mlango mdogo. Whitlock atakuwa amesimama hapo. Mimi nitakuwa ndani na Rodrick, kwenye benchi la mbele. Usije kukaa karibu nasi.

Kunywa chai kabisa kabla hujaja, wanaweza kukuweka mpaka mchana. Na uvae lile koti lako zito. Mle ndani wanawasha mashine ya baridi hata kama nje hakuna joto, na wewe ukipigwa na baridi sauti hukauka. Nataka wakusikie.

Ernestine Bivens